Masheikh Wenu Walikuwa Wapi?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Tarehe 16 Februari ni siku ya mapumziko ya taifa hapa Uganda tangu mwaka 2015. Wanafunzi wengi tunaijua kama siku ya kufua nguo na kulala mpaka adhuhuri. Mwaka huu mimi niliamshwa na mzee anayeishi ngazi ya chini katika flati zetu za Bugolobi. Gesi yake ilikuwa imeisha, mgongo haumruhusu kubeba mtungi, akaniomba nimletee mwingine kutoka dukani.

Mzee ni Mwacholi, Mwanglikana, mwalimu mstaafu. Kiswahili chake ni kile cha kaskazini, alichojifunza kwa askari na wafanyabiashara, kifupi na kisicho na mapambo. Niliporudi na mtungi, redio yake ilikuwa ikirusha ibada ya kumkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum. Nikaufunga mtungi, nikajaribu jiko, likawaka. Nilipotaka kuaga akanionyesha kiti.

"Wewe unasoma dini."

"Ndiyo, Mzee. Dini ya Kiislamu."

"Basi nisaidie, mwanangu. Siku ile wanamuua Luwum, masheikh wenu walikuwa wapi?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

Jibu langu la kwanza lilitoka haraka, nalo ndilo jibu ambalo wengi wetu tunalo tayari mfukoni. Nilimwambia kwamba Idi Amin hakuwa mfano wa Uislamu. Nikamwambia aliwaua Waislamu pia, na nikamtajia Shaban Nkutu wa Busoga, Mwislamu aliyekuwa waziri katika serikali ya Obote, aliyeuawa mwaka 1973. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Hayo ya Amin nayajua. Nilikuwepo. Mimi nimeuliza masheikh."

Nilipanda ngazi kurudi chumbani bila jibu. Makala hii ni jaribio la kulitafuta, na nimelitafuta mahali ambapo mimi na Mzee tunakutana, yaani kwa manabii.

Kwanza habari yenyewe, kwa sisi tuliozaliwa baadaye. Amin alitwaa madaraka Januari 1971. Mwaka uliofuata Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa na watu wenye silaha kutoka mahakamani, akiwa kazini, na hakurudi tena. Watu wakazoea neno "kupotea" kama watu wanavyozoea mvua. Luwum, mzaliwa wa Mucwini huko Kitgum, alikuwa Askofu Mkuu wa Kanglikana kuanzia mwaka 1974. Usiku wa tarehe 5 Februari 1977 askari walivamia nyumba yake Namirembe wakidai wanatafuta silaha. Tarehe 10 maaskofu wakamwandikia rais barua kulalamikia uvamizi ule na hali ya usalama wa raia. Tarehe 16, mbele ya umati wa askari mjini Kampala, Luwum akatuhumiwa kupanga njama dhidi ya serikali, na siku hiyohiyo akauawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ilitangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari.

Wakristo wanapomzungumzia Luwum humfananisha na manabii waliosimama mbele ya wafalme. Eliya alisimama mbele ya Ahabu, Yeremia mbele ya Sedekia. Niliposikia majina hayo redioni nilikumbuka kwamba hawa si wageni kwetu. Eliya ndiye Ilyas (a.s.), ambaye Qur'ani inamtaja kwa jina katika Suratul An'aam na Suratu As-Saffaat. Yeremia hakutajwa katika Qur'ani, lakini wanahistoria wetu kama Ibn Kathir wamemzungumzia kwa jina la Armiya. Na katika yale ambayo Kitabu chetu kimeyanyamazia, Mtume (s.a.w.) ametufundisha adabu: tusiwasadikishe Watu wa Kitabu moja kwa moja wala tusiwakadhibishe. Nitayataja ya Biblia kwa adabu hiyo, kwa ajili ya mazingatio.

Tuulize basi: nabii hufanya nini taifa linapokuwa katika shida?

Ukitembea Kampala utadhani kazi ya nabii ni kutabiri. Mabango yamejaa watu wanaojiita manabii wakiahidi viza, ndoa na ushindi wa kesi, na kila uchaguzi ukikaribia hupatikana mmoja wa kumwambia mgombea kwamba ameonyeshwa ushindi wake. Sisi Waislamu tunacheka, kwa sababu kwetu utume umefungwa kwa Muhammad (s.a.w.). Tusicheke sana. Tutafika kwetu.

Manabii wa kweli walipambana na shida za aina mbalimbali, na kila mmoja alifanya kazi yake kwa namna yake. Yusuf (a.s.) alikabiliwa na njaa. Alitoka gerezani akaomba akabidhiwe hazina za nchi, kama tunavyosoma katika Suratu Yusuf aya ya 55, kwa sababu alijua kutunza na alikuwa na elimu. Aliitumikia serikali ya watu wasiokuwa wa dini yake, akawaokoa Wamisri na njaa, na ndugu zake mwenyewe wakaja kununua nafaka mikononi mwake. Musa (a.s.) alikabiliwa na dhuluma. Alitumwa kwa Firauni aliyekuwa akichinja watoto wa kiume, tena akaamrishwa aseme naye kwa upole. Shuaibu (a.s.) alikabiliwa na uchumi uliooza, watu wakipunja vipimo na mizani sokoni. Yeremia alikabiliwa na jeshi la Babeli lililouzunguka mji wake.

Shida hizi hazifanani, lakini nilipoziweka pamoja niliona jambo moja ambalo sikuwahi kulitilia maanani, ingawa nimelisoma tangu madrasa. Qur'ani inapowataja Hud, Salih na Shuaibu katika Suratul A'araaf, kila mara inasema kwamba kila mmoja alipelekwa kwa watu wake akiwa ndugu yao. Nabii hakuletwa kutoka ng'ambo kuja kuwashutumu wageni. Aliamka asubuhi katika mtaa uleule, akanunua katika soko lilelile, na watu aliowakemea walimjua tangu utotoni. Aliwaambia watu wake mwenyewe maneno ambayo watu wake hawakutaka kuyasikia.

Hata Musa, ambaye alipelekwa kwa mfalme wa kabila lingine, alikuwa amelelewa katika nyumba ya mfalme huyo, na Firauni alimkumbusha malezi yale ili amnyamazishe. Kama mtu angesema: sisi tumekulisha, leo unatuambia nini?

Tazama sasa habari ya Yeremia. Watu wa Yerusalemu walikuwa na hekalu, na hekalu liliwapa usingizi. Walidhani mji wenye nyumba ya Mungu hauwezi kuanguka. Yeremia alikwenda kusimama mlangoni pa hekalu hilo, watu wakiingia kuswali, akawaambia kwamba jengo halitawaokoa ikiwa wanamdhulumu mgeni, yatima na mjane na wanamwaga damu isiyo na hatia. Wakati huohuo alikuwepo mtu aliyeitwa Hanania, naye alisema anatabiri, na utabiri wake ulikuwa mtamu: ndani ya miaka miwili nira ya Babeli itavunjika na kila kitu kitarudi. Nani alipendwa zaidi? Yeremia akatupwa ndani ya kisima chenye matope. Aliyemwombea kwa mfalme na kumtoa kwa kamba na matambara alikuwa Ebedmeleki, Mkushi, Mwafrika, mtumishi katika jumba la mfalme. Wenyeji waliokuwa wakiswali hekaluni walikuwa wamenyamaza.

Katika habari nyingine, Ahabu alipotaka kwenda vitani alikusanya manabii wapatao 400, na wote wakamwambia aende atashinda. Alikuwepo mmoja tu, Mikaya mwana wa Imla, ambaye mfalme alikiri kwamba anamchukia kwa sababu hamtabirii mema. Mikaya alisema kweli, akapelekwa gerezani kwa mkate na maji. Mfalme akaenda vitani na hakurudi.

Kwa hiyo tofauti kati ya nabii wa kweli na wa uongo wakati wa shida ya taifa haikuwa sauti, vazi wala idadi ya wafuasi. Wale 400 walikula kwa mfalme na walimwambia yule anayewalisha kile alichotaka. Mikaya alimwambia kile alichohitaji.

Hapo ndipo swali la Mzee liliponishika shingo.

Tuwe wakweli juu ya kile Amin alichotupa. Baraza Kuu la Waislamu wa Uganda lilianzishwa mwaka 1972 katika utawala wake. Uganda iliingia katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu mwaka 1974. Mwaka huohuo, katika mkutano wa wakuu wa nchi za Kiislamu uliofanyika Lahore, ndipo lilipotoka wazo la kuwa na chuo kikuu cha Kiislamu hapa kwetu, nacho kikafunguliwa Mbale mwaka 1988. Kilima cha Old Kampala, ambako leo tunaona fahari kuupigia picha msikiti mkuu, ni zawadi ya zama zile, ingawa ujenzi ulikwama na ukaja kumalizwa miaka mingi baadaye kwa fedha za Libya. Babu zetu walikuwa wachache waliodharauliwa, walionyimwa nafasi shuleni na serikalini tangu wakati wa Waingereza. Ghafla akatokea rais anayeitwa Idi, anayeswali Idi, anayewapa ofisi na ardhi. Nani angetaka kumkasirisha?

Sisemi hivi kuwahukumu. Mimi naandika nikiwa na kikombe cha chai mezani, na hakuna gari lililoegeshwa nje likinisubiri. Waliokuwa hai wakati ule walijua watu wanapelekwa wapi. Qur'ani katika Suratu Ghafir inatusimulia mtu mmoja wa ukoo wa Firauni aliyekuwa ameificha imani yake, na hakulaumiwa kwa kuificha. Alisifiwa kwa sababu saa ilipofika, walipotaka kumuua Musa, alifungua mdomo na kuuliza kama mtu auawe kwa kusema tu Mola wake ni Allah. Huenda walikuwepo masheikh waliokwenda usiku kumwombea jirani, na habari zao zilizikwa pamoja nao. Allah anawajua.

Lakini ni lazima tukiri pia kwamba hofu haikuwa peke yake. Palikuwa na kitu kingine, nacho ni hatari zaidi kwa sababu kinafanana na dini: hisia kwamba huyu ni wetu, na wetu hasemwi mbele ya watu.

Sasa soma tena aya ya 135 ya Suratu An-Nisaa. Allah anawaamrisha walioamini wasimamishe uadilifu na wawe mashahidi kwa ajili Yake, hata kama ushahidi huo unawaumiza wao wenyewe, au wazazi wao, au jamaa zao wa karibu. Aya inaanza na wewe mwenyewe, kisha wazazi, kisha jamaa. Na Mtume (s.a.w.) alipofundisha kumsaidia ndugu yako akiwa dhalimu au mwenye kudhulumiwa, masahaba wakashangaa, wakauliza watamsaidiaje dhalimu. Akawajibu kwamba kumzuia na dhuluma ndiko kumsaidia. Kwa mizani hiyo, sheikh ambaye angemwambia Amin aache damu za watu asingekuwa amewasaliti Waislamu. Angekuwa ndiye ndugu wa kweli aliyebaki kwa Amin.

Wala tusidhani kwamba kunyamaza kulikuwa salama. Amin alipoangushwa mwaka 1979, Waislamu wa Ankole walivamiwa na majirani zao. Watu waliuawa, mali zikaporwa, familia zikakimbia. Nasema wazi: dhambi ya damu ile iko juu ya walioimwaga, na waliouawa walikuwa wanyonge ambao hawakuwahi kumwona Amin ila katika picha. Hakuna kunyamaza kwa sheikh yeyote kunakohalalisha kuuawa kwa mkulima. Ila somo lipo kwetu tulio hai. Mtawala akijifunika dini yako kama kanzu, na wewe usiseme kitu, watu watakuja kuichana kanzu hiyo wakiwa wamesahau kwamba wewe upo ndani yake.

Mpaka hapa msomaji anaweza kusema: ndugu, wewe unatuletea mifano ya Bani Israili na ya maaskofu. Uislamu wa Uganda una yake? Ndiyo, unayo, na ni ya zamani kuliko Luwum.

Tunafundishwa kwamba Uislamu uliingia Buganda mwaka 1844 kwa mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim, aliyetoka pwani na kufika katika jumba la Kabaka Suna wa Pili. Tunataja mwaka na jina kwenye mtihani, tunapata alama, tunaendelea. Tunasahau alichosema. Kabaka alikuwa akiamuru watu wauawe barazani kama ilivyokuwa desturi. Mgeni huyu, ambaye biashara yake yote ilitegemea radhi ya mfalme, aliinuka akamwambia kwamba hao anaowaua ni viumbe wa Allah aliyempa yeye ufalme, na kwamba ni kosa kubwa kuwaangamiza. Fikiri, ndugu yangu. Jambo la kwanza linalokumbukwa kusemwa na Mwislamu katika nchi hii mbele ya mtawala lilikuwa kutetea damu za watu ambao hawakuwa Waislamu. Huo ndio mlango tulioingilia. Hakuingia kwa kuomba kiwanja.

Kisha wakaja mashahidi wetu wa Namugongo. Kabaka Mutesa wa Kwanza alikuwa ameupokea Uislamu kwa namna yake: alifunga Ramadhani, alijenga misikiti, aliwaamrisha watu waswali. Alikuwa "wetu". Lakini alikataa kutahiriwa, na vijana waliosoma dini wakakataa kuswali nyuma yake na kula nyama iliyochinjwa na wachinjaji wake. Mnamo mwaka 1876 makumi kati yao wakauawa kwa hilo. Hawakumkana mfalme mpagani aliyewakataza kuswali. Walimwambia hapana mfalme aliyewajengea msikiti. Ni kweli kwamba walisimamia jambo la ibada, na Ahmed bin Ibrahim alisimamia jambo la damu. Mimi naona mirathi yetu inakamilika kwa yote mawili: msikiti uliosimama sawasawa, na mdomo unaotetea roho ya mtu.

Kwa hiyo hakuna haja ya kuazima ujasiri kwa jirani. Tulikuwa nao, tukauweka mahali, tukasahau mahali penyewe.

Najua hoja zitakazoletwa, kwa sababu nimezisikia darasani na nyingine nimezitoa mimi mwenyewe.

Hoja ya kwanza: tumeamrishwa kuwatii wenye mamlaka. Ni kweli, iko katika Suratu An-Nisaa aya ya 59. Lakini utii na sifa ni vitu viwili. Abu Bakar (r.a.) alipoushika ukhalifa aliwaambia watu wamsaidie akifanya vyema na wamnyooshe akipinda. Hakuona kunyooshwa kuwa ni uasi. Na Daudi (a.s.), nabii na mfalme, katika Suratu Swaad aliingiliwa na wagombanao wawili katika mihrabu yake, akahukumu kesi yao, kisha akatambua kwamba yeye ndiye aliyekuwa akijaribiwa. Akaanguka akasujudu. Kama mfalme wa daraja ya Daudi alihitaji kuulizwa, huyu wetu wa leo ni nani asiulizwe?

Hoja ya pili: mtawala hunasihiwa kwa siri. Hilo nalo lina asili katika hadithi, na lina hekima. Lakini siri ni njia ya kufikisha nasaha, na wengi wetu tumeigeuza kuwa mahali pa kuizikia. Anayesema nasaha hutolewa kwa siri ajiulize: mara ya mwisho aliitoa lini? Maaskofu wa mwaka 1977 walimwandikia rais mwenyewe barua, wakaweka majina yao. Na Mtume (s.a.w.) aliyetufundisha upole ndiye aliyetufundisha kwamba jihadi iliyo bora ni neno la haki mbele ya mtawala dhalimu.

Hoja ya tatu: sisi si manabii. Hakika si manabii, na anayedai unabii leo tumemtoa katika hesabu. Lakini Mtume (s.a.w.) alisema wanavyuoni ni warithi wa Mitume, na kwamba Mitume hawakurithisha dinari wala dirhamu, walirithisha elimu. Mrithi hachagui nusu ya urithi. Hatuwezi kuchukua kanzu, kiti cha mbele na cheo cha "Sheikh", tukawaachia wengine kisima cha Yeremia.

Wala sisemi kila mtu awe Mikaya. Taifa likiwa na njaa linamhitaji Yusuf aliyesoma hesabu na kilimo, anayeingia ofisini na kutoiba. Wenzetu wanaosoma udaktari, sheria na uhandisi, hiyo ndiyo sehemu yenu, na ni sehemu ya unabii pia. Kumbuka tu kwamba Yusuf alifika ikulu akipitia gerezani, kwa sababu kabla ya kupewa hazina alikataa jambo katika nyumba iliyomlisha. Hapa Bugolobi barabara ya Port Bell hutupitisha kuelekea Luzira, kwenye gereza kubwa kuliko yote nchini. Nikiona gari la magereza likipita humkumbuka Yusuf, na hujiuliza ni wangapi waliomo ndani walioingizwa kama yeye.

Nimefika mahali pagumu, maana sasa ni zamu yangu.

Novemba 2020, baada ya kukamatwa kwa mgombea urais Robert Kyagulanyi, watu waliandamana Kampala na miji mingine. Kwa hesabu ya serikali yenyewe watu 54 waliuawa, na baadhi walikuwa wapita njia tu. Nilikuwa bado mwanafunzi wa sekondari. Ijumaa ya wiki ile nilikwenda kuswali, na hutuba ilikuwa juu ya adabu za kupiga mswaki. Hutuba ilikuwa sahihi, kila hadithi na sanadi yake. Nilimlaumu imamu yule kwa miaka mingi moyoni.

Kisha, Ramadhani moja nikiwa chuoni, niliwekwa katika kamati ya kuandaa iftari. Mheshimiwa mmoja alitoa mchele, sukari na mafuta, akaalikwa kuwa mgeni rasmi. Nilipewa kazi ya kuandika risala ya shukrani. Wiki ileile kaka wa mwanafunzi mwenzetu, Mkristo, alikuwa amechukuliwa na watu waliovaa kiraia, na familia yake ilikuwa ikizunguka vituo vya polisi kwa siku ya tisa. Katiba yetu inasema mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Nikaandika sentensi moja kwenye risala, ya adabu kabisa, kumwomba mheshimiwa awasaidie watu wa namna hiyo kwa nafasi yake. Ndugu mmoja wa kamati akaisoma, akasema, "Akhi, hii ni iftari. Na huyo si wetu." Niliifuta. Haikuchukua hata dakika moja. Risala ilisomwa, mheshimiwa akapigiwa takbiri, tukala vizuri.

Nilimlaumu imamu kwa hutuba ya mswaki, nami nilipopewa karatasi yangu mwenyewe niliandika kama wale 400. Hakuna bunduki iliyokuwa imeelekezwa kwangu. Palikuwa na gunia la mchele.

Hilo ndilo nililojifunza kutoka kwa manabii na kutoka kwa Mzee. Wakati wa shida ya taifa tunapenda kuuliza wenye vyeo walikuwa wapi. Ni swali halali, na historia yetu inadaiwa jibu. Lakini nabii alitumwa kwa watu wake, na watu wa karibu kuliko wote ni wale unaokula nao. Ni rahisi kwetu kutoa tamko juu ya Palestina, na tutoe, ni haki na ni wajibu. Jaribio liko pale ambapo anayedhulumu ametuletea futari, na anayedhulumiwa haswali nasi.

Jioni ya siku ileile nilishuka tena kwa Mzee. Redio ilikuwa imezimwa. Nikamwambia: "Mzee, masheikh wote sijui walikuwa wapi, na wengi wao wameshatangulia. Lakini najua mimi nilikuwa wapi." Nikamweleza habari ya risala, sentensi niliyoiandika na namna nilivyoifuta.

Alikaa kimya kidogo. Kisha akauliza, "Na yule kijana, alipatikana?"

Nikaona aibu mpya. Sikuwa nimefuatilia.

"Basi anza hapo," akasema. "Kesho muulize dada yake."

Nilimuuliza. Kaka yake alirudi baada ya miezi miwili, na mpaka leo hasemi alikuwa wapi. Dada yake aliniambia kwamba kati ya wanafunzi Waislamu, mimi ndiye wa kwanza kumuuliza.

Ramadhani inakuja tena, inshaallah, na wageni rasmi watakuja nayo. Ombi langu kwa ndugu na dada wa kamati zetu ni dogo: katika kila risala tuache mstari mmoja kwa ajili ya mtu asiye wetu. Akikasirika mgeni, tutakula maharage.

Ewe Mola, turithishe elimu ya Mitume pamoja na uzito wake, utusamehe tuliyoyafuta, na uwarehemu waliosema. Amin.

Wabillahi tawfiq.